Miezi Saba Nikiumalizia Ubao wa Drafti wa Baba

Baba yangu amecheza drafti chini ya mwembe mmoja wa Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, tangu alipoacha kazi ya uvuvi. Ubao wa kijiwe chao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa kete zao ni vizibo vya soda, meno ya vizibo hivyo yalikuwa yamekwangua rangi hadi miraba ya katikati ikawa ya kijivu yote. Mwezi Juni, wiki chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi analiwa kete si kwa kushindwa mawazo bali kwa kutoona zilipo. Maneno yale yaliniuma. Nilimwahidi ubao mpya kabla ya Saba Saba, nami nikamkabidhi katikati ya Januari. Ninaandika kuhusu miezi saba hiyo kwa sababu karibu yote ilipotea katika kuumalizia ubao, wala si katika kuutengeneza, na sehemu kubwa ya upotevu huo mtu mwingine anaweza kuiepuka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na useremala wangu ni wa nyuma ya nyumba, wa jioni na Jumamosi. Niliamua kuutengeneza ubao ule kwa nyuzi za kusimama, yaani kila mraba uonyeshe kichwa cha mbao, ule uso unaoonekana gogo linapokatwa kwa kukingama, badala ya ubavu wake. Aliyewahi kusubiri nyama buchani anaijua sababu bila kuelezwa. Gogo la kukatia nyama husimamishwa wima ili shoka lishukie kwenye ncha za nyuzi, nazo nyuzi hupisha chuma na kurudiana, ilhali ubao uliolazwa ungekuwa umebanduka vibanzi ndani ya wiki moja. Nilitaka uso wa namna hiyo chini ya mkono wa baba, ambaye akipata nafasi ya kula kete tatu kwa mkupuo huzigonga kwa nguvu zote. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba kati ya nyuzi hizohizo mna mirija. Mti ulipokuwa hai ilipandisha maji kutoka mizizini, na ukishaikata kwa kukingama unaiacha wazi kwa maelfu, tayari kunywa chochote utakachoimiminia, kiwe gundi, mafuta, vanishi au unyevu wa mvua. Karibu kila kosa nitakalolieleza linatoka hapo.

Kwenye ukataji sitakawia. Nilipata masalio ya mninga kwa mafundi wa Mabatini, na ubao wa mfenesi ulioletwa kwa meli kutoka Bukoba, kwa sababu nilitaka mwekundu wa hudhurungi ukutane na wa manjano bila kutumia rangi yoyote. Mbao nane za upana na unene wa sentimita 5, nne za kila aina, ziligandishwa ubavu kwa ubavu kwa kupishana, zikatoa ubao wa upana wa sentimita 40. Ubao huo ulikatwa kwa kukingama kuwa vipande nane vya milimita 36, kila kipande kikapinduliwa ili kichwa kitazame juu, kimoja baada ya kingine kikageuzwa upande ili mninga uangukie kwenye mfenesi, kisha vyote vikagandishwa tena. Nilipoondoa klampu, vile vibano vya kushikiza mbao gundi inapokauka, na kuiona miraba 64 imekaa mahali pake, nilidhani kazi imekwisha. Nilimpigia simu baba usiku uleule. Ni simu ambayo nilipaswa kuiacha.

Kosa la kwanza lilikuwa limeshafanyika bila mimi kujua. Gundi ilipotokeza kwenye maungio, niliifuta palepale kwa kitambaa chenye maji, kama nilivyozoea kufanya kwenye meza na makabati. Kwenye ubavu wa mbao hilo halina madhara makubwa, lakini kwenye kichwa, maji huiyeyusha gundi na kuisukuma ndani ya mirija, nayo hukaukia humo. Huwezi kuiona wakati huo. Unaiona baada ya wiki nyingi, siku unapopaka mafuta au vanishi, pale madoa yaliyofifia yanapojitokeza kando ya kila ungio, kwa sababu mirija iliyozibwa na gundi haiwezi kunywa kitu kingine. Iache gundi ikae hadi iwe kama ufizi, kwa kawaida chini ya saa moja katika joto letu, kisha ikwangue kwa patasi butu. Mimi nililazimika kuondoa karibu milimita mbili za uso ili kuyafikia madoa yale na kuyamaliza.

Kosa la pili lilinigharimu shilingi 5,000 na nusura limgharimu mtu vidole. Uso wa ubao haukuwa sawa, maana vipande havikuwa vimekaa usawa mmoja kabisa kwenye klampu, nikaupeleka kwenye karakana yenye mashine ya kuranda. Fundi aliutazama akasita, akaniuliza, "Mwalimu, hii si imekatwa kichwa?" Nikamwambia ni kweli, lakini apitishe kidogo tu. Alipitisha. Ubao uliingia vizuri, na ulipofika mwisho ulilia kama jiwe lililovunjika, ukatoka ukiwa umepoteza kona moja na ukingo mzima wa upande huo ukiwa umechanika kama mkate uliomegwa. Visu vya mashine ile huusukuma ukingo wa nyuma ambao hauna kitu cha kuuegemea, na nyuzi za kusimama hazina cha kuzishika zaidi ya zile zilizo jirani nazo. Simlaumu fundi, kwa sababu alisita na mimi ndiye niliyesisitiza. Ninachosema ni kwamba usimpe mtu yeyote ubao wa namna hii aupitishe kwenye mashine ya kuranda, hata akikubali, kwa sababu kipande kikikatika humo ndani hurushwa kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuikwepa.

Kona iliyokatika niliiziba kwa kipande cha mfenesi nilichokichonga hadi kikaingia kwa kubana. Kisha nikarudi kwenye randa ya mkono. Hapa ndipo nilipoanza kuielewa mbao yenyewe, na laiti ningekuwa nimeanzia hapo. Ulimi wa randa unapaswa kuwa mkali kiasi cha kukata kucha kwa kugusa tu, na utoe unyoya mwembamba unaobomoka kuwa unga vidoleni. Randa isivuke ukingo: ianzie ukingoni na kuishia katikati, kisha uuzunguke ubao na kuanza upande mwingine, ili nyuzi za pembeni zisisukumwe nje. Rafiki aliyesomea ufundi alinifundisha kuulowesha uso kwa spiriti kidogo kabla ya kuranda, kwa sababu spiriti hulainisha nyuzi kwa muda mfupi na kukauka bila kuuvimbisha ubao kama maji. Nilifanya hivyo jioni nne mfululizo, nikiwa nje, mbali na jiko. Mabega yaliuma, lakini rula ya chuma ilipolazwa kimshazari na mwanga usipite chini yake, nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu mwanzo wa kazi ile.

Kupiga msasa nilikutengea Jumamosi moja, na kukachukua wiki tatu. Katika ubavu wa mbao mtu anaweza kuanzia namba 120 akafika mbali (namba ikiwa ndogo, msasa huwa na chembe kubwa zaidi). Kwenye nyuzi za kusimama, msasa unakwangua ncha ngumu za mirija, na kila namba inaacha mikwaruzo ambayo hujificha kabisa wakati mbao ni kavu, kisha hutokeza yote pamoja siku ya kupaka. Mimi niliruka kutoka 80 hadi 180 kwa sababu duka la karibu halikuwa na namba za katikati, na kwa siku mbili nzima nilikuwa ninaing'arisha mikwaruzo ya namba 80 bila kuiondoa. Ilibidi nirudi nyuma na kupita kila daraja: 60, 80, 120, 180, 240, 320. Njia iliyonisaidia ni kuchora mistari ya penseli uso mzima kabla ya kila namba na kutobadilisha hadi mistari yote ifutike, kisha kuzima taa na kulaza tochi ya simu sambamba na ubao. Mwanga wa ubavuni hauachi kitu. Na msasa uviringishwe kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usishikwe kwa vidole pekee, kwa maana mfenesi ni laini kuliko mninga, na vidole huchimba mashimo kwenye ile iliyo laini bila mwenye mkono kutambua.

Vumbi la mninga ni suala la pekee. Kwanza linachokoza pua na kifua, na mimi nilikohoa siku tatu kabla ya kukubali kuvaa barakoa. Pili, ni jekundu, na mirija ya mfenesi iko wazi kulipokea, kwa hiyo kila nilipopiga msasa miraba ya manjano ilizidi kuonekana kama iliyopakwa udongo wa Usukumani. Nilijaribu kuifuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikazidisha tatizo, kwa sababu spiriti iliiyeyusha rangi ya mninga na kuitiririsha ndani ya mfenesi. Kilichofaa ni upepo. Niliupeleka ubao kwa kijana wa pancha aliye karibu na nyumbani, akaupuliza kwa kompresa yake, lakini kwanza nilimwomba aachie upepo hewani kwa muda ili maji yaliyokusanyika ndani ya tangi yatoke, maana matone hayo yangeacha madoa. Baada ya kila namba ya msasa nilirudi kwake. Alikataa kupokea malipo kuanzia safari ya tatu.

Sasa nilikuwa mwishoni mwa Agosti, Saba Saba ilishapita, na baba alikuwa ameacha kuuliza. Kunyamaza kwake kulinisukuma kuharakisha, na haraka hiyo ndiyo iliyonipeleka jikoni. Nilikuwa nimesikia kwamba mbao za kukatia mboga hupakwa mafuta, nikachukua mafuta ya alizeti, nikaumiminia ubao. Kwa saa moja ulikuwa mzuri ajabu: mninga ulikolea, mfenesi ukang'aa kama asali, na ubao ulikunywa zaidi ya kikombe kizima. Wiki mbili baadaye ulikuwa unanata. Mafuta ya alizeti hukauka nusunusu tu, polepole sana, nayo huwa utando wa kunata unaoshika kila chembe ya vumbi la mji huu. Mafuta yanayokauka kweli, kama ya kitani, hugeuka kuwa kitu kigumu kwa kushikana na hewa, na hata hayo nilishindwa kuyapata mjini. Mafuta ya parafini yanayouzwa maduka ya dawa hayakauki kamwe, kwa hiyo yanaufaa ubao wa kukatia mboga unaopakwa tena kila mwezi, lakini si ubao unaoguswa kutwa nzima na mikono ya wazee sita. Nilitumia tapentaini, vitambaa na msasa kuyaondoa, na kwa kuwa yalikuwa yamezama, nililazimika kuurudia uso wote kuanzia namba 80.

Hapo nililia. Ninalisema wazi kwa sababu anayeanza kazi hii anastahili kujua kwamba inaweza kumfikisha hapo, na kwamba si dalili ya kuiacha.

Jambo moja lingenizuia nisifanye kosa lile: kuwa na masalio. Nilipokata vipande vile nane, vilibaki vidogo vya pembeni, mninga na mfenesi vikiwa vimeungana kama vilivyo kwenye ubao wenyewe, nami nikaviacha vikatumika kuwashia jiko. Vipande vitano vya aina hiyo vingetosha kujaribia mafuta, vanishi na msasa bila kuugusa ubao. Baadaye niliunganisha vingine kwa ajili hiyo pekee. Kimoja nilikiweka dirishani, kikanionyesha jambo lingine la kuzingatia, kwamba mfenesi haubaki wa manjano. Kadiri unavyopigwa na mwanga unaiva kuelekea kahawia, na mtu anayetaka tofauti kubwa ya rangi kati ya miraba anapaswa kuchagua mninga mweusi zaidi tangu mwanzo.

Aliyenielekeza kwenye njia sahihi si seremala wa samani, bali mzee anayeunda mitumbwi kule Igombe. Nilikuwa nimeenda kumsalimia mjomba, nikamkuta mzee huyo akipaka rangi ncha za mbao za mtumbwi, na nikaona kwamba ncha alizipaka mara tatu kabla hajagusa ubavu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mwanangu, kichwa cha mbao ni mtu mwenye kiu. Ukimpa ugali unamkwama kooni. Mpe uji mwepesi kwanza, anywe mpaka akatae mwenyewe, ndipo umletee chakula kizito." Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko maelezo yoyote niliyosoma.

Nilinunua vanishi ya mafuta, kopo la lita moja kwa shilingi 18,000. Lakini kabla sijalitumia somo la mzee kikamilifu nilifanya kosa la mwisho kubwa, la saa. Mara ya kwanza nilipaka saa nne asubuhi, jua likipanda. Vanishi ilikaa vizuri kwa dakika kumi, kisha ikaanza kutoa mapovu madogo kila mahali, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Hewa iliyomo ndani ya mirija hutanuka joto linapopanda, haina pa kutokea isipokuwa juu, na inapotoka huacha tundu. Nikaona kwamba dawa ni kupaka wakati joto linashuka, ili hewa isinyae na kuivuta vanishi ndani badala ya kuisukuma nje. Fikira hiyo ilikuwa sahihi. Nikasubiri jioni, nikapaka barazani chini ya taa.

Wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wameshakisia kilichofuata. Siku chache baada ya mwezi kuandama, wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mabilioni, wakapanda juu ya maji kama moshi wa nguzo nene, na upepo ukiwaleta nchi kavu huvamia kila taa. Niliingia ndani kula. Niliporudi, ubao ulikuwa umefunikwa na mbawa. Nilijaribu kuwatoa kwa kibano kwa muda, nikaacha, nikauacha ukauke na wadudu wake, kwa sababu kuivuruga vanishi mbichi kungeleta hasara kubwa zaidi. Siku tatu baadaye niliikwangua yote. Tangu hapo ninatazama kalenda ya mwezi kabla ya kufungua kopo, na ninapaka saa kumi na moja jioni, ndani ya chumba kilichofungwa dirisha upande wa ziwa, nikimaliza kabla taa hazijahitajika, kisha ninauinamishia ubao boksi kubwa la karatasi lenye matundu ya pembeni yaliyozibwa kwa kipande cha neti.

Hatimaye nilifanya kazi kama nilivyoelekezwa. Kopo la pili la vanishi nililichanganya na tapentaini nusu kwa nusu. Hakikisha ni tapentaini, si ile thina kali inayotumika kwenye rangi za magari, ambayo huigandisha vanishi ya mafuta kuwa mabonge. Niliumiminia ubao uji ule, nikausambaza kwa kitambaa, na kila mraba uliokauka ndani ya dakika chache niliuongezea, hadi uso wote ukabaki na unyevu bila kunywa tena. Mfenesi ulikunywa karibu mara mbili ya mninga. Baada ya nusu saa nilifuta kila kilichobaki juu, bila kuacha hata dimbwi dogo. Niliugeuza na kufanya vivyo hivyo upande wa chini, kisha kwenye kingo nne. Upande wa chini ni lazima. Uso mmoja ukizibwa na mwingine ukaachwa wazi, ule ulio wazi hupokea unyevu peke yake, ukavimba, na ubao mzima ukajikunja kama jani.

Nilirudia hivyo jioni tatu, nikiacha siku nzima katikati. Baada ya hapo uji uliongezwa uzito, vanishi tatu kwa tapentaini moja, na sasa haukuzama bali ulikaa juu kwa utando mwembamba uliopakwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Tando tano za namna hiyo zilitosha, nikipitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi kati ya moja na nyingine. Vitambaa vilivyotumika usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta yanayokauka hutoa joto yanaposhikana na hewa, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kujiwasha chenyewe usiku. Vyangu nilivitandaza kwenye kamba ya nguo, nje, hadi vikakakamaa kabisa.

Vuli ilinikuta na kosa lililobaki. Mwezi Agosti, wakati wa ukavu, nilikuwa nimeugandishia ubao fremu ya mninga pande zote nne, imebana na kupendeza. Mvua za Novemba zilipokolea, kona mbili za fremu zilifunguka kiasi cha kupitisha sarafu. Nilipima: ubao ulikuwa umetanuka karibu milimita mbili kila upande. Mbao haitanuki kwa urefu wake kwa kiasi cha kuonekana, hutanuka kwa upana, na ubao wa nyuzi za kusimama una upana pande zote mbili, kwa sababu urefu wa nyuzi umekuwa unene wake. Fremu yenyewe, ambayo nyuzi zake zimelala, haikusogea, kwa hiyo kitu kilipaswa kuachia. Niliibandua, nikatengeneza nyingine yenye mfereji ndani, ubao ukiingizwa kama kioo kwenye dirisha bila gundi, ukiachiwa nafasi ya milimita mbili kila ubavu. Vanishi haizuii unyevu, inauchelewesha tu. Asiyetaka usumbufu huo aache fremu kabisa na asigandishe plaiwudi chini.

Nilipompelekea baba kipande cha majaribio mwezi Desemba, alikishika kwenye mwanga wa mchana, akakigeuza mara mbili, akanirudishia. "Kinang'aa, mwanangu. Sioni kitu." Nilikuwa nimejivunia mng'ao ule. Kwa jicho lililotoka kufanyiwa upasuaji, chini ya mwembe wenye mwanga unaocheza kati ya majani, uso unaong'aa ni kioo kinachompiga machoni, na ningekabidhi ubao mzuri usiomfaa mtu mmoja niliyemtengenezea. Niliuondoa mng'ao kwa nyuzi laini za chuma, zile nyembamba kabisa, nikisugua kuelekea upande mmoja hadi uso ukawa wa ukungu sawasawa, kisha nikapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto na kulainishwa kwa tapentaini mbali na jiko. Sasa ninaamini ubao wa mchezo haupaswi kung'aa hata kama macho ya mchezaji ni mazima. Niliuacha wiki nne kabla ya kuugusa, kwa sababu vanishi iliyokauka kwa kushika bado ni laini ndani, na vizibo vingeacha alama. Chini niliweka miguu ya ngozi, maana mpira hushikana na vanishi na kuichafua.

Kwa hesabu yangu, ubao ulinila shilingi 155,000: mbao na fremu 55,000, kukatiwa na kurandiwa 15,000, gundi 12,000, misasa 24,000, vanishi makopo mawili 36,000, tapentaini na nta 13,000. Nikitenga kopo la kwanza la vanishi, malipo ya mashine ya kuranda, fremu iliyobanduliwa na misasa niliyorudia, karibu 45,000 ni gharama ya makosa pekee. Muda sikuuhesabu.

Nilimpelekea Jumapili, baada ya ibada. Wazee walisogea, mmoja akaupapasa kwa kiganja akitafuta maungio. Baba hakusema kitu. Aliuweka juu ya kreti, akauzungusha taratibu, kona baada ya kona, akitafuta upande wa kukalia, na ile yenye kiraka cha mfenesi ilipomfikia aliisugua kwa kidole gumba. Aliniuliza imefanyaje. Nilimweleza habari ya mashine ya kuranda, na jinsi fundi alivyosita. Akatikisa kichwa, akaiacha kona ile upande wake wa kushoto, akaanza kupanga vizibo, na hadi leo ubao ukiwekwa kwa namna nyingine yoyote, yeye huugeuza kwanza kabla ya kucheza.